Kabla Hujaivisha VX Matairi ya Inchi 33

Wengi wanaotaka kuinua VX ya zamani, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 80 iliyotawala miaka ya 1990, huanzia duka la matairi. Wanauliza bei, wanalipia, kisha wanampelekea fundi gari na kumwambia afunge. Wiki mbili baadaye stelingi inatetemeka, tairi linakwaruza digadi kila wakikata kona, na gari limerudi gereji. Matairi ni ankara ya kwanza tu. Zinazofuata ziko uvunguni, na karibu zote zinaonekana mapema kama mtu ataingia chini ya gari na tochi kabla hajatoa pesa mfukoni.

Anza na hesabu, maana ndiyo inayovunja au kujenga mpango wote. Saizi ya kiwandani iliyozoeleka kwenye VX hiyo ni 275/70R16, yenye kipenyo cha milimita 791, yaani inchi 31 na ushee. Watu wanapotaja “inchi 33” huwa wanamaanisha 285/75R16, yenye milimita 834. Tofauti ni milimita 43, lakini ekseli hupanda nusu yake tu, milimita 21. Sentimita mbili na kidogo, basi. Mwenye kuona hizo ni chache asikimbilie kusema ataongeza springi ndefu, kwa sababu gari hili lina ekseli ya kipande kimoja, inayounganisha magurudumu mawili, mbele na nyuma. Springi huinua bodi, tangi, bampa na ngazi za pembeni. Difu, lile bonge la meno kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu, hubaki palepale ilipokuwa, imelala juu ya matairi. Kama shida yako ni bampa kuchimba ukingo wa korongo, springi zinatosha na matairi unaweza kuyaacha. Kama ni difu kugonga mawe katika njia za kuelekea Ziwa Natron, hapo dawa ni tairi lenyewe.

Swali la pili ni ardhi unayoikanyaga mara nyingi. Tairi pana huelea vizuri juu ya mchanga na vumbi laini ukipunguza upepo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika mambo hugeuka: upana unakusanya matope, meno yanajaa, na gari linateleza kama sabuni. Hardtop nyingi za kubeba watalii, zile Land Cruiser za mfululizo wa 70, zimeishi miaka na miaka kwenye 7.50R16, tairi jembamba na refu, na wenye kazi hiyo hawakulichagua kwa kukosa hela. Kwa mtu ambaye safari zake nyingi ni lami ya Arusha hadi Karatu na shamba mara mojamoja, ushauri wangu ni abaki na 275/70R16 nzuri, abadilishe springi na shokapu zilizochoka, na pesa inayobaki aiweke kwenye breki.

Na inchi 35? Zipo, 315/75R16, na kwenye picha zinapendeza sana. Lakini VX nyingi za huku zina injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, yenye nguvu za farasi 130 hivi siku ilipotoka kiwandani, na siku hiyo ni ya zamani. Difu zenye uwiano wa 4.10 (propela huzunguka mara 4.10 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), ukizifungia inchi 33, huvuta kana kwamba ni 3.89. Ukienda 35 zinashuka hadi karibu 3.69. Ukipanda ukingo wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu na gari limejaa, utayasikia hayo kwenye gia na kuyaona kwenye geji ya joto. Kurudisha nguvu kunahitaji kubadilisha meno ya difu ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, maana uwiano ukitofautiana, utavunja vitu. Ongeza kukata madigadi na kurefusha raba zinazozuia ekseli isipande kupita kiasi. Kwa 1HZ isiyoguswa difu, inchi 33 ndiyo mwisho wa busara.

Sasa ingia uvunguni, na uanze na ekseli ya mbele, kwa sababu hapo ndipo tairi zito linapofichua uzee. Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la chuma lililojaa grisi, na ndani yake mna sivi jointi, kiungo kinacholizungusha gurudumu hata likiwa limekata kona. Sili ya ndani huzuia oili ya difu isiingie kwenye tufe hilo. Ikichoka, oili inapita, inayeyusha grisi, na mchanganyiko mweusi unaanza kutiririka nje na kuchafua upande wa ndani wa tairi. Gari likiwa hivyo, msimamo wangu ni kwamba hakuna kuzungumzia matairi makubwa mpaka vichwa vya ekseli vifunguliwe, vioshwe, na viwekwe sili, beringi na grisi mpya. Ni kazi ya siku mbili kwa fundi anayejua, na ni chafu, ndiyo maana mafundi wengine huifuta tu kwa kitambaa na kukuambia ni jasho la kawaida.

Piga jeki gurudumu liwe hewani, ulishike juu na chini, utikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki, kisha utikise tena. Mchezo ukipotea, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za kile kichwa cha ekseli, na hizo ndizo mama wa mtetemo wa stelingi ambao watu huubebesha balansi ya matairi. Halafu shika kushoto na kulia. Hapo unatafuta tairodi zilizochoka, zile fimbo zinazoyageuza magurudumu ukikata stelingi. Mwisho, peleka gari mahali wazi, kata stelingi yote, uende polepole na kusikiliza: mlio wa tak-tak-tak kutoka mbele ni sivi jointi inayoaga. Jihadhari pia na shokapu ya stelingi iliyofungwa mpya juzi. Kazi yake ni kupunguza mishtuko, lakini wauzaji huitumia kuficha ugonjwa, na inchi 33 zitaufichua.

Ukishajua ekseli ni nzima, pima urefu. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa digadi, pembe zote nne, gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka na tangi limejaa. Springi za umri huu mara nyingi zimekaa, na upande mmoja umekaa zaidi ya mwingine. Jambo hili huwashangaza watu: kwenye springi zenye afya, 285/75R16 huingia katika VX bila kuinua gari hata kidogo. Kinachokwaruza kwa wengi ni tairi jipya juu ya springi zilizokufa. Hivyo springi za kurudisha urefu wa asili, au za kuongeza inchi mbili kwa mwenye bampa la chuma na mizigo ya kudumu, zitangulie.

Inchi hizo mbili nazo zina madai yake. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma. Bodi ikipanda, mikono hiyo huizungusha ekseli na kasta, yaani mlalo wa kuelekea nyuma unaoirudisha stelingi katikati, inapungua. Dalili yake ni stelingi isiyorudi yenyewe baada ya kona na gari linalotangatanga barabarani kama limekosa mwenyewe. Usitegemee mtu wa alaimenti akurekebishie, kwa sababu kwenye ekseli hii anachoweza kukaza na kulegeza ni mwelekeo wa matairi tu, kubana au kutanuka kwa mbele. Kasta inarudishwa kwa bushi maalumu zenye tundu lililohama kutoka katikati. Nunua siku moja na springi, zifungwe siku moja. Fimbo inayozuia ekseli isihame kushoto wala kulia nayo itaivuta milimita kadhaa upande mmoja. Kwa inchi mbili wengi wanavumilia, zaidi ya hapo tafuta inayorekebishika.

Paipu za breki ndizo za kutazamwa kwa jicho kali kuliko zote. Ning'iniza ekseli mpaka mwisho wake, uone kama paipu ya raba inavutika. Ikivutika, hiyo ni ya kubadilishwa leo. Kwa magari yenye vali inayogawa breki za nyuma kulingana na mzigo, ile yenye kifimbo kilichoungwa kwenye ekseli ya nyuma, ukiinua bodi unaidanganya vali kuwa gari ni tupu, nayo inapunguza breki za nyuma. Sehemu kifimbo kinapofungwa irekebishwe kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Ni mafundi wachache wanaoligusa hili bila kuambiwa, kwa hiyo liandike kwenye karatasi ya kazi.

Wenye Hilux Surf za miaka hiyo au Prado za mfululizo wa 90, mpangilio wenu wa mbele ni tofauti, kila gurudumu na mkono wake. Hapo kuinua kuna mipaka midogo, kwa sababu sivi jointi zinapinda zaidi na raba zinazozifunika zinachanika. Surf zenye tosheni baa, fimbo za chuma zinazojisokota badala ya springi za mbele, zina kishawishi cha peke yake: fundi anakaza boliti mbili, gari linapanda mbele ndani ya dakika kumi, na bei yake ni soda. Baada ya hapo linarukaruka kama mbuzi na bolijointi zinaisha. Kukaza kidogo kurudisha urefu uliopotea, sawa. Kukaza ili kupata nafasi ya tairi kubwa, hapana.

Kuhusu rimu, za alumini zilizokuja na VX zina upana wa inchi 8 na boliti sita, na 285/75R16 inakaa humo bila tatizo. Huhitaji rimu za kutokeza nje wala spesa za kusukuma gurudumu. Ukilisogeza nje unaongeza mzigo kwenye beringi ambazo tayari ni za zamani, na tairi linaanza kugusa kona ya bampa ambayo awali lilikuwa linaipita. Kabla ya kununua, azima gurudumu moja la saizi hiyo kwa mwenzako, ulifunge mbele kisha nyuma, ukate stelingi mpaka mwisho pande zote, halafu upandishe gurudumu la upande mwingine juu ya jiwe ili ekseli ipinde. Saa moja ya kuazima inaokoa matusi mengi.

Uzito usiudharau. Tairi la 285/75R16 lenye kuta imara hufika kilo 25 hivi bila rimu, na kilo hizo zinazunguka; breki lazima zizisimamishe. Anayeshuka Kitonga na gari lililojaa anajua tofauti ya pedi nzima na pedi iliyobakiza chembe. Diski, pedi, kalipa zisizokwama, na oili ya breki iliyobadilishwa: hayo yafanyike kabla, siyo baada.

Dukani soma ubavu wa tairi. Namba nne za tarehe husema wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la miaka saba lililolala stoo lina meno marefu na raba iliyokauka, liache. Namba ya mzigo pia ina maana: 114 ni kilo 1,180 kwa kila tairi, 126 ni kilo 1,700. Tairi gumu la daraja hilo la juu linahitaji upepo tofauti na ule ulioandikwa mlangoni mwa gari, kwa hiyo usinakili kibandiko. Na hesabu matano, si manne. VX nyingi hutembea foo wili muda wote, na spea yenye kipenyo tofauti huisaga difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, kimyakimya. Tena 285/75R16 utaipata Dar es Salaam au Arusha. Ukipasukiwa Loliondo, ulichobeba ndicho ulichonacho.

Spidomita itapunguza ukweli kwa karibu asilimia 5. Mshale ukiwa kwenye 50, unaenda kama 53, na tochi ya askari haisomi dashibodi yako. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo, kwa hiyo linganisha na GPS ya simu kabla hujajipangia kanuni. Kilomita nazo zitahesabiwa pungufu, hivyo wanaolalamika kuwa gari limeanza kunywa sana wazidishe kwanza kilomita zao kwa 1.05 ndipo wagawe kwa lita. Litakunywa zaidi, ndiyo, ila si kwa kiwango wanachosimulia. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi kabla gari halijarudi barabarani, kwani siku ya ajali ndiyo siku wanayosoma mkataba kwa makini.

Siku ya kufunga, omba alaimenti ifanyike baada ya springi kukaa siku chache. Nati zikazwe tena baada ya kilomita mia za kwanza. Hakikisha spea mpya inaingia chini ya buti bila kugusa ekzosi, na ujaribu kuishusha na kuipandisha wewe mwenyewe. Kisha toa jeki iliyokuja na gari, uiweke chini ya ekseli, uone kama inafika. Kama bado una inchi za kutafuta, ongeza kwenye boksi la vifaa kipande cha mbao ngumu au jeki ndefu, na uifunge isigongegonge njiani.