Dawa za kutanua mishipa zinaufanyia nini moyo: somo kwa hatua

Somo hili ni la wauguzi na wanafunzi wa famasia hapa Dodoma, na yeyote anayemuuguza mzazi mwenye maumivu ya kifua.

Hatua ya 1: Anza na moyo wenyewe. Ukiwa umetulia, moyo hupata damu kama mililita 250 kwa dakika, na tayari hunyonya takriban robo tatu ya oksijeni iliyomo. Akiba hauna. Ukihitaji zaidi, lazima damu iongezeke. Tena upande wa kushoto hupata damu hasa moyo unapolegea, kwa hiyo mapigo yakienda mbio, nafasi hiyo hupungua.

Hatua ya 2: Uliza dawa inatanua mishipa ipi. Hapa naomba mtulie. Naitroglisirini, dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, kwa dozi ndogo hutanua zaidi veni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Damu nyingi hubaki tumboni na miguuni, inayorudi moyoni hupungua, kuta za moyo hazivutwi sana, na matumizi ya oksijeni hushuka. Nafuu hutoka hapo zaidi, ingawa ateri kubwa za moyo, yaani mishipa inayoulisha damu, nazo hutanuka. Dawa nyingine, dipiridamoli, hutanua ateri ndogo: damu huongezeka sana, kazi ya moyo haipungui, na damu yenyewe inaweza kukimbilia sehemu yenye afya ikaipunja ile iliyo mbele ya mshipa ulioziba.

Hatua ya 3: Pima presha, hesabu mapigo. Haidralazini, dawa ya presha, ikitumika peke yake hushusha presha, mwili hujibu kwa kuongeza mapigo, na mwenye anjaina, yaani maumivu ya kifua kwa moyo kukosa damu ya kutosha, anaweza kuumwa zaidi.

Maswali ya wanakundi

*Kondoa: Shikamoo daktari. Mama akiweka kidonge chini ya ulimi anapata kizunguzungu.*
Marahaba. Akae kwanza, ndipo aweke. Presha hushuka, akisimama ataanguka. Dakika 5 zikipita bila nafuu, mkimbizeni hospitali.

*Mpwapwa: Sisi chupa tunaiweka dirishani ili aione.*
Iondoeni leo hii, jua letu mnalijua. Joto na mwanga huharibu dawa hii. Ibaki kwenye chupa yake ya kioo, kifuniko kikazwe, wala msihamishie vidonge kwenye bahasha.

*Chamwino: Mzee anatumia pia dawa za nguvu za kiume, ila anaona aibu kusema.*
Muulizeni faraghani, kwa heshima, lakini muulizeni. Akimeza sildenafili, asipewe naitroglisirini kwa saa 24. Tadalafili, saa 48. Zikikutana, presha huporomoka na anaweza kufa. Kifua kikimbana katika muda huo, apelekwe hospitali na daktari aambiwe alichomeza.