Kijana wako wa uzani wa juu kaangushwa? Anza hapa

Usiku ule ule usimwulize kama ataendelea na ndondi. Mwulize leo siku gani, mchana alikula nini, feri ya Likoni mlivuka saa ngapi. Wangu mmoja alinijibu "kocha, niko sawa" mara nne, na viatu alivyokuwa akivaa vilikuwa vyangu. Asilale peke yake. Akitapika, kichwa kikizidi kumuuma, mboni moja ikawa kubwa kuliko mwenziwe, au ukimwamsha haamki vizuri, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Aspirini usimpe; kama kuna mshipa unaovuja kichwani, damu haitaganda upesi.

Kisha asiguswe kichwa siku 30, angalau. Hili nalijua kwa kosa langu. Niliwahi kumrudisha mtu kwenye spari, yaani pambano la mazoezi, siku ya 12 kwa kuwa promota alishapanga tarehe. Jabu ya kijana wa kilo 70, ile ngumi nyepesi ya mkono wa mbele tu, ikamkalisha. Basi atembee ufukweni Mama Ngina alfajiri, ale, alale. Simu akae nayo mkewe, maana wazee wa kahawa washamstaafisha.

Akili ikitulia, tazameni pambano pamoja, sauti mkiizima. Ngumi iliyomwangusha haina somo kubwa. Rudisha nyuma sekunde tano. Septemba 2024 kule Wembley, London, Anthony Joshua alishamtikisa Mwingereza mwenziwe wa uzani wa juu, Daniel Dubois, raundi ya tano, akakimbilia kummaliza kwa ngumi ya kutoka chini, akakutana na mkono wa kulia. Pupa hiyo, na pupa hufundishika. Na Dubois huyo huyo, alipopiga goti mbele ya Joe Joyce mwaka 2020, mfupa wa jicho umevunjika, wangapi walisema moyo hana?

Miguu ndiyo inayonitia wasiwasi. Akiiona ngumi inakuja na mguu hautoki, mwezi mzima wa kupiga gunia hautaurudisha. Mpe spari nyepesi daktari akishamruhusu, raundi tatu, wewe tazama chini tu, mikono iache. Na hesabu: akiangushwa tena, kwa konde dogo kuliko lile la kwanza, mwambie basi. Nenda kwake Kisauni, mkewe akiwepo, mmekaa chini mnakunywa chai. Ukumbini mbele ya wenziwe atakukatalia, na kesho yake atatafuta kocha mwingine wa kumpandisha ulingoni.