Gurudumu la mbele likipiga filimbi

Kabla hujampa fundi hela ya beringi (kifaa kinachofanya gurudumu lizunguke kwa urahisi), tafuta barabara tulivu, shusha vioo, tembeza gari polepole kisha gusa breki kidogo tu. Mlio ukikatika au ukibadilika, anza na pedi za breki, yaani vipande vinavyobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Pedi nyingi zina kibati chembamba kinachokwaruza diski makusudi zikikaribia kuisha. Chungulia kwenye matundu ya rimu. Zikibaki na unene wa milimita 3 kushuka chini, badilisha za pande zote mbili. Beringi mbovu kwa kawaida huunguruma, na mngurumo hubadilika ukikata kona. Ila kama umetoka barabara ya vumbi, angalia kwanza kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la nyuma yake. Hicho unakitoa mwenyewe kwa bisibisi, diski ikishapoa.