Anashiba Ugali, Damu Hana

Nilihudumia kliniki ya watoto miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa nina meza yangu ya dagaa Mwaloni, Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria. Akina mama wengi wanaofika pale wanaanza na bei na kumalizia na mtoto: "Bibi, huyu anakula vizuri tu, mbona hachangamki?" Nikiuliza anakula nini, jibu ni lilelile: ugali na mchuzi wa samaki. Samaki mwenyewe kaishia kwenye sahani ya baba, minofu ya sangara imepanda ndege kwenda Ulaya, na mtoto kashiba matonge yaliyochovywa kwenye maji yenye harufu ya samaki. Tumbo limejaa, madini hamna.

Sasa, mkague mwenyewe. Msogeze mlangoni mchana, maana taa ya ndani inadanganya. Vuta kope la chini taratibu kwa kidole gumba uangalie ile nyama ya ndani. Inatakiwa iwe nyekundu. Kisha fungua kiganja chake ukiweke kando ya chako, na ikiwezekana kando ya cha mtoto mwingine mwenye afya. Usimvute vidole kwa nyuma, kwa sababu damu inakimbia na kiganja cha mtu yeyote kitapauka. Kikiwa cheupe kuliko vya wenzake, mshuku upungufu wa damu. Uongezee na haya: anachoka upesi kwenye michezo, analala-lala, anakula udongo. Mtoto anayelamba ukuta, au anayelilia ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni, mara nyingi anapungukiwa madini ya chuma. Kumchapa hakuongezi damu.

Upungufu wa vitamini A hujionyesha jioni. Giza likianza kuingia, wenzake bado wanakimbizana uani, yeye kajikalia; akiinuka anajikwaa kwenye kigoda alichokiruka mchana bila shida. Angalia pia weupe wa jicho: ukiuona umekauka, au una doa kama povu la sabuni, usisubiri kesho. Na aliyetoka kuugua surua mwambie mhudumu, maana surua humaliza akiba ya vitamini A na kuna dozi yake maalumu.

Mengine nayapitia haraka. Pembe za mdomo zinazochanika mara kwa mara zinaweza kutokana na upungufu wa vitamini za kundi B. Kuhara kusikokoma na vidonda visivyopona huenda ni upungufu wa zinki. Ndiyo maana mtoto anayehara hupewa chumvichumvi ya kuongeza maji pamoja na vidonge vya zinki, na hivyo vidonge ni vya siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Matege yanayozidi baada ya miaka miwili yaonwe na daktari. Uvimbe shingoni, yaani rovu, mara nyingi ni upungufu wa madini joto.

Kabla hujakimbilia duka la dawa kununua sirapu ya kuongeza damu, mpeleke akapimwe. Hapa kwetu ziwani damu ya mtoto ina wezi wengi: malaria, minyoo ya safura, kichocho anachokipata akichota au akioga ziwani, na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao kanda yetu inao kwa wingi. Mwenye selimundu hahitaji madini ya chuma kwa kubahatisha, na mwenye malaria atibiwe malaria kwanza. Omba kipimo cha wingi wa damu uandikiwe namba kwenye kadi. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 5, chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu. Kiganja kikiwa cheupe kabisa, akahema kwa shida, au miguu yote miwili ikavimba, hapo ni hospitali leoleo.

Tuje kwenye chakula, na hapa naomba mnivumilie nisifie bidhaa yangu. Dagaa wa ziwa analiwa na mifupa yake, kwa hiyo mtoto anapata protini, chuma, zinki na kalsiamu kwa mkupuo mmoja. Nunua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utawajua: chukua wachache, wasugue kiganjani, ukisikia mchanga warudishe. Wale wa kulishia kuku waachie kuku, hata bei ikikuvutia namna gani. Wenye chumvi pia si wa mtoto mdogo.

Nyumbani toa vichwa na yale matumbo meusi, ndiyo yenye uchungu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, badilisha maji mpaka yabaki masafi, anika tena mpaka wakauke. Wakaange kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuchoka. Wakianza kuvunjika kwa vidole, epua. Wakipoa twanga kwenye kinu na uchekeche, kinachobaki juu rudisha kinuni. Weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko, na tengeneza kidogo kidogo, usirundike wa miezi. Mtoto wa miezi 6 anayeanza kula, mwanzie kijiko cha chai cha unga huo kwenye uji au viazi vilivyopondwa, umwangalie kama mwili unamkubali. Aliyevuka mwaka anaweza kufika kijiko kikubwa kwa bakuli. Utie unga huo wakati uji unakaribia kuiva. Harufu ikimkera, changanya kwenye mboga yenye karanga, hatajua. Kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili.

Mboga tunazo: mgagani, majani ya kunde, matembele, mchicha. Tatizo letu ni kuchemsha mpaka uchungu uishe kisha maji tunamwaga, na vitamini zinaondoka nayo. Chemsha muda mfupi, tia mafuta kidogo, maana bila mafuta vitamini A haichukuliwi vizuri na mwili. Ukikausha kwa ajili ya kiangazi, kausha kivulini. Michembe, yaani vipande vikavu vya viazi vitamu vyeupe, inashibisha, lakini kwa macho panda viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Mbegu yake muulize afisa ugani. Kamulia limau kwenye maharage au mpe kipande cha pera baada ya kula, kwa sababu vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mimea. Chai ya rangi na chakula cha mtoto visikutane kabisa, inazuia hicho hicho chuma. Na yai mpe. Eti atachelewa kuongea, watoto wangu wote walikula mayai na mdomo wanao.

Unga wa lishe wa nafaka saba? Mimi siushabikii. Mahindi, mtama, ulezi, ngano na mchele ukivichanganya bado ni wanga, na karanga zikikaa humo muda mrefu zinaota sumukuvu. Nafaka moja, na dagaa au maharage pembeni, inatosha. Chumvi nunua ya pakiti yenye madini joto, ifunike, usiiweke karibu na jiko. Msidanganyike kwamba tunakula samaki kila siku: samaki wa maji baridi hawana madini joto kama wa baharini.

Juni na Desemba peleka mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 akapate tone la vitamini A: kidonge cha bluu kwa asiyefikisha mwaka, chekundu kwa aliyefikisha, na huyo anapewa na dawa ya minyoo. Beba kadi asije akapewa mara mbili.

Akiandikiwa sirapu ya chuma, mpe kwa kipimo kilichoandikwa, mbali na maziwa na chai. Kinyesi kitakuwa cheusi, ni hayo madini, usishtuke. Mrudishe baada ya mwezi namba ilinganishwe. Ikipanda usiache hapo, kwa kawaida dawa inaendelea mpaka karibu miezi mitatu ili akiba ijae. Chupa yenyewe ifungie juu kabatini: ni tamu, na mtoto akiinywa kwa mkupuo inaweza kumuua.