Jinsi ya Kuunda Ligi Binafsi ya Fantasy na Kupanga Kanuni Zake za Alama

Kila Agosti inapokaribia, wenzangu kazini hapa Nairobi huniomba niwasaidie kuanzisha ligi yao wenyewe ya fantasy, yaani mchezo wa kuchagua wachezaji halisi wa soka na kupata alama kutokana na wanavyocheza, yenye kanuni zao wenyewe. Inawezekana kabisa, ila kuna mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Ligi binafsi ni kundi la watu wanaoshindana. Kanuni za alama ni namna bao, pasi ya bao au kadi inavyohesabiwa. Katika Fantasy Premier League, yaani FPL, mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya Uingereza, unaweza kuunda ligi utakavyo lakini kanuni za alama huwezi kuzigusa. Anayetaka kuzibadilisha hana budi kwenda kwingine.

Hatua ya 1: Chagueni mchezo

Ikiwa wanachama wameridhika na alama rasmi, bakini FPL. Ligi ya kawaida hujumlisha alama za msimu mzima, na anayechelewa bado anaweza kujiunga. Ligi ya ana kwa ana hupanga mechi kila raundi: ushindi alama tatu, sare alama moja, na idadi ya wanachama ikiwa witiri, mmoja hukutana na timu inayopewa wastani wa alama za raundi hiyo. Kwa ligi ya aina hii hakikisheni kila mtu ameingia kabla ya raundi ya kwanza, kwa kuwa ratiba ikishapangwa mlango hufungwa.

Mkitaka kanuni zenu, tumieni Fantrax, mtandao mwingine wa fantasy unaowaruhusu kupanga alama wenyewe. Wapo wanaobaki FPL na kuhesabu alama zao wenyewe kwenye Excel kila Jumatatu, na mimi siwashauri hivyo hata kidogo. Takwimu za mechi husahihishwa baada ya kuchapishwa, mhesabuji husafiri au huugua, na kufikia Novemba hakuna anayeliamini jedwali.

Hatua ya 2: Fungua ligi na utume mwaliko

Jisajili, unda ligi, ipe jina, kisha tuma linki ya mwaliko kwenye kundi la WhatsApp.

Hatua ya 3: Pangeni kanuni za alama

Hapa ndipo saa nyingi hupotelea, kwa hiyo msikimbie. Anzeni na kanuni za FPL kama msingi, kwa sababu kila mtu anazijua: mshambuliaji hupata alama 4 kwa bao, kiungo 5, beki 6, pasi ya bao ni 3, beki na kipa hupata 4 timu yao isipofungwa, mradi wamecheza angalau dakika 60, kadi ya njano huondoa 1 na nyekundu 3. Kisha badilisheni jambo moja moja, si yote kwa pamoja.

Tatizo kubwa hutokea mnapotaka kuwatendea haki mabeki. Pendekezo la kwanza huwa ni alama moja kwa kila tendo la ulinzi, na linasikika kuwa la haki mpaka mtu achukue kalamu. Chukueni beki aliyecheza dakika zote katika timu iliyofungwa mabao mawili, akaondosha hatari mara nane, akakaba kwa mafanikio mara mbili na kunasa pasi mara mbili. Kwa kanuni hiyo anapata 2 za kucheza, anapoteza 1 kwa mabao mawili, kisha anaongezewa 12: jumla 13. Mshambuliaji aliyefunga mabao mawili siku hiyo hiyo anapata 2 na 8, yaani 10 kabla ya bonasi, alama za ziada za waliong'ara katika mechi. Beki wa timu iliyoshindwa amempita mfungaji, na kuanzia hapo wanachama wote watakimbilia mabeki wa timu zinazoshambuliwa zaidi. Mkitoa robo alama kwa kila tendo, beki yule yule anapata 4, na uwiano unarudi. FPL yenyewe iliingiza jambo hili msimu wa 2025/26 kwa tahadhari: beki hupata alama 2 tu akifikisha matendo 10, kiungo na mshambuliaji wakifikisha 12.

Jambo la pili ni kuhesabu tendo moja mara mbili. Mkiweka alama za shuti, za shuti lililolenga goli na za bao, basi kila bao linalotokana na shuti litalipwa mara tatu, kwa kuwa bao hilo ni shuti na limelenga goli. Chagueni kimoja kati ya hivyo vitatu, au punguzeni thamani ya bao kwa makusudi.

La tatu ni nafasi za wachezaji. Mohamed Salah aliorodheshwa FPL kama kiungo kwa misimu mingi, kwa hiyo bao lake lilikuwa na alama 5; si lazima mfumo mwingine umpange hivyo. Pitieni majina makubwa kabla ya kuchagua wachezaji. Vivyo hivyo, FPL humpa alama za pasi ya bao mchezaji aliyechezewa rafu ikazaa penalti na mwenzake akaifunga, ilhali takwimu za kawaida za pasi za mabao hazimtambui.

Mwisho, chukueni raundi moja iliyokwisha kuchezwa, mteue kipa, beki, kiungo na mshambuliaji, na mhesabu alama zao kwa mkono kwa kanuni mpya. Kanuni ambayo haijajaribiwa hivi isiingie katika ligi. Na msimu ukishaanza, msibadilishe hata nukta. Mapendekezo yasubiri msimu ujao.

Hatua ya 4: Wekeni saa za kufunga

FPL hufunga mabadiliko dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa sita na nusu mchana London huanza saa nane na nusu kwetu mwezi Agosti, hivyo mwisho ni saa saba mchana. Baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza inaporudisha saa nyuma, mwisho huo husogea hadi saa nane, na hubaki hapo hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Raundi ikianza Ijumaa usiku, wengi husahau kabisa, kwa hiyo msimamizi awakumbushe Alhamisi. Kwenye Fantrax napendelea kila mchezaji afungwe, yaani asiweze kubadilishwa tena, mechi yake inapoanza, ili mtu aweze kumwondoa aliyeachwa nje ya kikosi.

Hatua ya 5: Mchango

Mkichanga fedha, zikusanywe kwa M-Pesa na mweka hazina ambaye si msimamizi wa ligi, kabla ya raundi ya kwanza. Andikeni mgao wa zawadi pamoja na kanuni ya sare. FPL humtanguliza aliyefanya mabadiliko machache ya wachezaji; mimi hupendelea walio sawa wagawane.