Namna ya kusikiliza albamu Coal Miner's Daughter (Binti wa Mchimba Makaa) ya Loretta Lynn kama Kiingereza kinakupita

Hapa L'shi, yaani Lubumbashi kule Kongo, ukisema muziki wa country watu wanakutajia Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton, zile kaseti za bapapa za siku ya Mungu asubuhi. Loretta Lynn, mwimbaji wa country wa Marekani, wengi walimruka, na ku mji wa shaba kama wetu naona haifai, juu huyu njo mtoto wa mfanyakazi wa mgodi mwenyewe.

Usianze na albamu yote. Weka wimbo wa kwanza tu, ule unaobeba jina la albamu, ulitoka 1970 na yeye mwenyewe njo aliuandika. Mbele ya kubonyeza play jua kwanza habari yake: Butcher Hollow, kijiji cha mlimani kule Kentucky, Marekani, watoto nane ndani ya nyumba moja, baba anachimba makaa usiku kucha ku mgodi wa Van Lear na mchana analima mahindi, mama anafua ku ubao mpaka vidole vinatoka damu, viatu vinanunuliwa wakati wa baridi tu, jua likiwaka kila mtu peku. Mtoto wa kampi ya Gécamines, kampuni ya migodi ya hapa kwetu, aliyekua na mposho ya baba, ile chakula cha kazini, hapo hana haja ya kutafsiriwa.

Sasa sikiliza, na bafle yenye bass kubwa acha, tumia ekuter za masikioni, juu bass itakufunikia banjo. Banjo njo ile inadonoa haraka haraka. Nyuma yake kuna gitari ya kulalisha, mpigaji anatelezesha chuma juu ya nyuzi, ndiyo ile sauti inalia kama mtu. Usingojee kiitikio, hakuna, ni beti juu ya beti, na katikati wimbo unapanda kidogo, sikiliza vizuri utasikia kama mtu amepanda ngazi moja. Beti zilikuwa nyingi kuliko hizi, prodyusa Owen Bradley akamwambia wimbo ni mrefu mno, akakata. Baba alishakufa 1959, hakuusikia.

Zile nyimbo zingine chukua pole pole. Si zote ni zake, wakati ule Nashville, mji wa muziki wa country, mwimbaji alijaza albamu na nyimbo zilizokuwa zinapigwa sana, kwa hiyo utakutana na Hello Darlin' ya Conway Twitty na For the Good Times ya Kris Kristofferson, ameimba vizuri lakini mimi hizo naruka tu.

Kitu kingine, ukimaliza weka wimbo Masanga ya Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitari wa kwetu Katanga, ile Hugh Tracey, mzungu aliyekusanya muziki wa Afrika, alirekodi 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo. Mwenda anapiga na vidole viwili tu, gumba linashika bass na kidole cha shahada kinaimba juu. Sikiliza moja halafu ingine, utaona mtu wa Kentucky na mtu wa Bunkeya wote wanaacha gitari iongee, si makelele.

Na kama uko na gitari nyumbani usiogope, shika akodi tatu, re, sol na la (D, G na A), inatosha kabisa kuanza, piga pole pole bila kukimbiza, kisha maneno ya Loretta acha, weka ya kwenu: baba alifanya poste (kazi) gani, mama aliuza nini ku soko ya Kenya, ile commune ya L'shi, bukari (ugali) ilitosha ama haikutosha.