Hospitali yenu inataka pacha wa nje? Anzieni hapa

Ukiwa Moshi hapa madaktari wageni hawakosekani, mtu kashuka Kili juzi, magoti yanamuuma, anakwambia angependa hospitali yake iwe na urafiki na yenu, yaani ziwe pacha. Hapo ndo wengi tunaharibu, tunaanza kuomba. Usiombe kitu kwanza.

Kaeni wenyewe, matroni, mtu wa maabara, fundi, na dada wa usafi msimsahau maana ndo anajua maji yanakatika saa ngapi. Andikeni shida zenu halafu chagueni moja au mbili, sio kumi. WHO, Shirika la Afya Duniani, wana utaratibu wao wa hospitali pacha una hatua sita: kujenga ushirikiano, kuangalia mahitaji, kuona mapengo, kupanga, kutekeleza, kupima, mkimaliza mnazunguka tena. Ona sasa, kutekeleza ni ya tano.

Sisi tulianzia hiyo ya tano. Ikaja mashine ya kufyonza makohozi kutoka Marekani, inang'aa, plagi ya meno bapa, fundi akanunua adapta mjini akachomeka, ikalia vuuu, harufu ya plastiki, kwisha habari. Kwao umeme volti 120 kwetu 230, na adapta inabadilisha matundu tu jamani haibadilishi umeme! Hata ukipata transfoma bado hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, wao 60 sisi 50. Mpaka leo tunawekea juu yake boksi za glavu. Kwa hiyo kwenye hati ya makubaliano andikeni kabisa, hakuna kifaa kinasafirishwa kabla fundi wenu hajatumiwa picha ya kibati cha nyuma kilichoandikwa volti na hezi na kujua spea zinatoka wapi, na TMDA, wale mamlaka ya dawa na vifaa tiba, muwaulize mapema, sio kontena lishafika bandarini.

Vibali navyo msilale. Daktari mgeni hamgusi mgonjwa bila usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, manesi wana baraza lao. Kama ni hospitali ya serikali mganga mkuu wa mkoa ajue toka siku ya kwanza, ya kanisa basi dayosisi. Na mlima waupande mwishoni, baada ya kazi, la sivyo wiki mbili zinakuwa siku nne.

Alafu na nyie mwende kwao, isiwe wao tu wanakuja. KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa Moshi, na hospitali za Northumbria za Uingereza wako pamoja toka 1999 na watu wa Moshi wanaenda kule kujifunza, ndo maana imedumu.

Wekeni watu wawili kila upande wa kuwasiliana, mmoja akihamishwa kazi isife, na simu moja kila mwezi. Ila saa muandike vizuri. Kikao chetu cha kwanza tuliwaandikia saa 3, tukakaa asubuhi nzima na chai ikapoa, wao wakaingia saa 9 mchana sisi tushatawanyika.